Figa Moja Haliinjiki Chungu: Maswali Yenu Kuhusu Ubunifu

Barua za toleo hili zimetoka kwa watu wa kazi tofauti, lakini karibu zote zinauliza jambo moja: wazo jipya linatoka wapi, na kwa nini mara nyingine linafia njiani. Tumezifupisha na kuzijibu moja moja.

Nilisikia kwenye mhadhara kwamba ubunifu hauko kichwani mwa mtu. Mimi nimekua nikiambiwa fulani ana kipaji, fulani hana. Kama hauko kichwani, uko wapi?
*Mwanafunzi wa chuo*

Kichwa kina sehemu yake, tena kubwa. Ila peke yake hakitoshi. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alishauri tuache kuuliza ubunifu ni nini, tuulize uko wapi. Jibu lake lina mafiga matatu. La kwanza ni mtu mwenyewe. La pili ni fani, yaani alama, kanuni, mbinu na kazi zilizokwisha kufanywa, ile sehemu ya utamaduni anayoikuta tayari. La tatu ni wenye fani: wahariri, majaji, walimu, wakaguzi, wanunuzi wakubwa, wale wanaoamua kipi kiingie na kipi kibaki nje. Mtu huchota kitu kwenye fani, akakigeuza. Wenye fani wakikipokea, kinakuwa sehemu ya fani, na anayekuja nyuma anakikuta pale.

Mfano mzuri ni Gregor Mendel. Alipanda njegere kwa miaka kadhaa kwenye bustani ya monasteri huko Brno, akachunguza mimea kama 28,000, akahesabu ni mingapi imerithi ua la zambarau na mingapi ua jeupe. Alisoma matokeo yake mbele ya chama cha wanasayansi mwaka 1865, yakachapishwa mwaka 1866. Hakukuwa na kelele wala ubishi. Wataalamu wa mimea wa wakati ule walizoea kueleza mimea kwa maneno, na huyu aliwaletea uwiano wa tatu kwa moja. Aliandikiana na mtaalamu mkubwa, Carl von Nägeli, aliyekuwa akichunguza mimea ya jamii ya hieracium. Mendel naye akaihangaikia mimea hiyo, bila mtu yeyote kujua kwamba mingi yake hutoa mbegu bila uchavushaji, hivyo haiwezi kufuata hesabu za njegere. Akafariki mwaka 1884. Mwaka 1900 watafiti watatu, kila mmoja kwa njia yake, wakafika alipokuwa amefika, na makala yake ikafufuka.

Katika miaka hiyo 34 makala haikubadilika hata neno. Kilichobadilika ni fani, maana kromosomu, zile nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba urithi, zilikuwa zimeshaonekana kwa hadubini, na wenye fani, ambao sasa walikuwa na swali ambalo jibu lake lilikuwa limekaa rafuni. Je, Mendel alikuwa mbunifu mwaka 1866, au alikuja kuwa mbunifu mwaka 1900? Wapo wanaoukataa kabisa mtazamo huu kwa sababu unamnyang'anya mtu sifa yake. Kwetu faida yake ni ya kiutendaji: wazo likikwama, unakagua mafiga matatu badala ya kujilaumu kichwa tu.

Natunga mashairi. Wakubwa wananiambia nijifunze kwanza vina na mizani. Naona sheria zinanibana na kuua ubunifu wangu. Nifanyeje?
*Mtunzi chipukizi*

Jifunze. Hatusemi hivyo kwa sababu ya heshima kwa wakubwa. Tazama sheria inavyofanya kazi ukiisogelea. Tuchukue tarbia: mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Tuseme umeanza hivi:

*Wazo likija lishike, lisije likapotea*

Sasa unataka mshororo wa pili useme kalamu iwe karibu uandike. Neno la kwanza kukujia ni "kuyaandika". Mizani inakubali, kina kinakataa, maana unahitaji *-ea*. Unahangaika, mwisho unapata:

*Kalamu nayo iweke, maneno kuyapokea*

Kalamu inayopokea maneno ni picha tofauti na kalamu inayoandika, na usingeifikia kama kina kisingekufungia mlango wa kwanza. Neno la kwanza kumjia mtu ndilo la kwanza kumjia kila mtu. Kizuizi kizuri hukufukuza hapo.

Fani pia ndiyo inayoamua ni mambo gani yanafikirika kwa urahisi. Jaribu kuzidisha XXXVIII kwa XXIV kwenye karatasi kwa tarakimu hizo hizo za Kirumi. Kisha zidisha 38 kwa 24. Akili ni ile ile, ila kwa alama za pili mtoto wa shule anapata 912 huku anapiga mluzi. Kanuni za kuitumia sifuri kama namba ziliandikwa na Brahmagupta wa India mwaka 628. Leonardo wa Pisa alizieleza tarakimu hizi kwa wasomaji wa Ulaya mwaka 1202. Hata hivyo, mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kilikataza zisitumike kwenye vitabu vya hesabu. Chombo kilikuwepo, watu wa kukitumia walikuwepo, wenye fani wakasema hapana.

Kwa mashairi, zoezi lenyewe ni hili. Chagua beti 20 za watunzi wasiofanana. Nakili ubeti mmoja kwa mkono, ufunike, kisha uandike upya kwa kumbukumbu. Linganisha. Pale ulipokosea ndipo mtunzi alipofanya jambo ambalo wewe hukuliona uliposoma. Ukimaliza zote 20, tunga wako kwa sheria zote. Halafu tunga mwingine ukivunja sheria moja tu: acha vina vya kati, au fupisha mshororo wa mwisho. Chipukizi wengi huvunja zote kwa mpigo, na msomaji hapati kujua kilichovunjwa wala sababu yake.

Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974 na mashairi yasiyofuata vina na mizani, wanamapokeo walisema hayo si mashairi. Ubishi ulikuwa mkali na mrefu, na leo mashairi huru yanafundishwa madarasani pamoja na yale ya kimapokeo. Lakini angalia: ubishi ule uliwezekana kwa sababu kila mtu, upande huu na ule, alikijua kinachovunjwa.

Tahadhari moja. Kunakili kunaweza kukunasa. Mwaka 1991 watafiti Jansson na Smith waliwapa wasanifu kazi ya kuchora vifaa, baadhi yao wakaonyeshwa mfano wenye kasoro. Walioonyeshwa mfano walirudia kasoro zile zile kwenye michoro yao. Ndiyo maana tumesema beti 20 za watunzi wasiofanana. Ukimnakili mmoja tu, utarithi hata kikohozi chake.

Kila tukitaka wazo jipya kazini tunakaa mezani kubungua bongo kwa saa nzima. Tunatoka na mawazo yale yale, mengi ya bosi. Tunakosea wapi?
*Msimamizi wa kitengo*

Mnakosea kwa kuongea mapema mno. Kubungua bongo kwa pamoja kulienezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 1953. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliyapima madai yake. Walilinganisha vikundi vya watu wanne waliokaa pamoja na watu wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake, kisha mawazo ya hao wanne yakaunganishwa na yaliyojirudia kuondolewa. Waliokaa peke yao walitoa karibu maradufu.

Sababu ni tatu. Watu wengine hutegea, wakijua wenzao watasema. Wengine huogopa kuchekwa. Lakini kubwa kuliko zote, kama Diehl na Stroebe walivyoonyesha mwaka 1987, ni foleni ya kuongea: mmoja akisema, watano wanasubiri, na anayesubiri ama anasahau wazo lake, ama anatumia muda wote kulikariri asilisahau, kwa hiyo hazalishi jingine.

Jaribuni hivi, watu watano au sita:

Andikeni swali kwa sentensi moja ubaoni, lenye kipimo ndani yake. "Tuboreshe huduma" si swali. "Mteja asubiri chini ya dakika tano, tufanyeje?" ni swali. Kila mtu apate vipande vya karatasi, aandike peke yake kimya kwa dakika 10, wazo moja kwa kila kipande, bila jina. Dakika ya nne au ya tano mikono itasimama. Msikatishe hapo, maana mawazo ya mwanzo ni yale ya kila siku, na yasiyo ya kawaida huja yale yakiisha. Kisha vipande vikusanywe, vichanganywe na kubandikwa, mtu mmoja avisome kwa sauti bila maoni. Sasa ndipo mzungumze, dakika 15, kwa kazi moja tu: kuunganisha. Kipande hiki na kile vikiwa kitu kimoja, kinakuwaje?

Msichague siku hiyo hiyo. Kesho yake kila mtu apige kura tatu za siri. Bosi apige za mwisho na aseme wa mwisho. Akisema wa kwanza, hayo mengine yote mmefanya mchezo.

Mkiona mawazo bado yanafanana, tatizo haliko kwenye kikao, liko kwa walioalikwa. Watu waliosoma pamoja, wanaokula pamoja na kufanya kazi ile ile wana kabati moja la kuchotea. Leteni mtu mmoja wa kitengo kingine, hata kwa nusu saa.

Nikilala na tatizo, nitaamka na jibu?
*Msomaji wa kila mwezi*

Ukilala nalo ukiwa umelifanyia kazi, inawezekana. Ukilala nalo jipya, utaamka nalo jipya. Graham Wallas alizitaja hatua nne za kupata wazo mwaka 1926: maandalizi, kuatamia, kung'amua na kuhakiki. Wengi wanapenda ya pili wakaruka ya kwanza. Fanya kazi mpaka ukwame kweli, andika kwa sentensi moja mahali ulipokwamia, kisha shika kazi nyepesi kama kufagia au kutembea. Kazi nzito ya kichwa haisaidii vivyo hivyo. Na weka kalamu kitandani. Otto Loewi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1936 kwa kuonyesha kwamba neva hupeleka taarifa kwa kemikali, alisimulia kwamba aliamka usiku na wazo la jaribio, akaliandika, asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata likamrudia. Safari hii hakuandika, alikwenda moja kwa moja maabara.

Nafundisha sekondari na natakiwa kutoa alama za ubunifu kwenye kazi za wanafunzi. Mwenzangu akitoa 80, mimi natoa 45. Kuna njia ya haki?
*Mwalimu wa sanaa*

Ipo, na inaanza kwa kukubali kwamba hakuna rula. Mwanasaikolojia Teresa Amabile aliijengea utaratibu njia hii: kazi ni bunifu kwa kiwango ambacho watu wanaoijua fani, kila mmoja kivyake, wanakubaliana kuwa ni bunifu.

Tafuta waamuzi watatu au zaidi wanaoifahamu sanaa hiyo. Ondoa majina kwenye kazi. Kila mwamuzi apitie kazi zote kwanza bila kuandika kitu, kisha azipe alama 1 hadi 5 kwa kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe, na si kwa kuzilinganisha na kazi za magwiji. Kila mwamuzi apewe mpangilio tofauti, kwa sababu kazi ya kwanza huonewa na ya mwisho hukuta jicho limechoka. Wasiongee kabla ya kumaliza. Ubunifu upewe safu yake, ufundi safu yake, usafi safu yake, la sivyo mwandiko mzuri utajipenyeza kwenye alama za ubunifu. Tunashuku hapo ndipo 80 na 45 zenu zilipopishania. Chukua wastani. Kazi iliyopata 1 kwa mmoja na 5 kwa mwingine usiikimbilie wastani: waite waamuzi wawili waielezee. Mara nyingi ndiyo kazi inayovutia kuliko zote darasani.

Zipo pia zile chemsha bongo zinazotokana na kazi ya J. P. Guilford, aliyewahimiza wanasaikolojia mwaka 1950 wautafiti ubunifu: taja matumizi ya tofali kwa dakika tatu. Huhesabiwa wingi wa majibu, idadi ya aina (kujenga nyumba na kujenga ukuta ni aina moja, kutwangia njugu ni nyingine) na upekee. Zitumie kama mazoezi ya kuchangamsha, si kama mtihani. Upekee hupimwa kwa kuangalia ni wangapi wengine wametoa jibu hilo, kwa hiyo jibu la pekee katika darasa lako linaweza kuwa la kawaida kabisa kwa jirani.

Kuhusu zawadi, uangalifu. Amabile aliwachukua waandishi 72 mwaka 1985. Baadhi yao, kabla ya kutunga shairi fupi, walitumia dakika chache kufikiria sababu za nje za kuandika, kama pesa na umaarufu. Mashairi yao yalihukumiwa kuwa na ubunifu mdogo kuliko ya wenzao. Kwa hiyo usianze kipindi kwa kutangaza zawadi.

Wazo langu limekataliwa mara tatu. Nina hakika ni zuri. Niendelee au niache?
*Mvumbuzi*

Kwanza tujue limekataliwa kwa sababu gani, kwani "hapana" zipo za aina nyingi. Wape watu watano maelezo yako ya ukurasa mmoja, wasome, uuchukue ukurasa, kisha kila mmoja akueleze wazo kwa sentensi moja. Wakikupa sentensi tano tofauti, hakuna aliyekataa wazo lako bado. Wamekataa ukurasa. Wakisema "kama kile cha fulani", tatizo ni fani: huijui vya kutosha kuona kwamba kipo tayari. Wakilieleza sawasawa na bado hawalitaki, hapo ndipo unashughulika na wenye fani.

Nao wana udhaifu wao. Utafiti wa Mueller na wenzake wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu wanaosema wanapenda ubunifu, wakiwa kwenye hali ya mashaka, hulihukumu wazo jipya vibaya kuliko wanavyojitambua. Kwa hiyo punguza mashaka. Peleka kielelezo kinachoshikika hata kama ni cha maboksi. Anza na sehemu wanayoijua, kipya kiwe kimoja. Omba jaribio dogo lenye mwisho, si ruhusa ya milele. Kabla ya yote, pitia kwa wabunifu wenzako: Justin Berg alionyesha mwaka 2016, kwa watu wa sarakasi, kwamba watunzi walikadiria mafanikio ya kazi mpya za wenzao vizuri zaidi kuliko mameneja. Kazi zao wenyewe walizipima vibaya, kama sisi sote.

Namna ya kushindwa nayo ina kielelezo chake. Ignaz Semmelweis, daktari wa hospitali ya Vienna, mwaka 1847 aliwaagiza madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuzalisha. Vifo vya akina mama katika kliniki yake vilikuwa zaidi ya 18 kwa kila 100 mwezi Aprili. Mwezi Juni vilikuwa kama 2. Mtu angedhani tarakimu hizo zingetosha. Lakini nadharia ya vijidudu ilikuwa bado, kwa hiyo hakuwa na njia ya kueleza kwa nini inafanya kazi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861, miaka 14 baadaye. Wakosoaji aliwajibu kwa barua za wazi zilizowaita wauaji. Ukweli alikuwa nao, na wengi wao kweli walikuwa wakiua bila kujua. Ila aliyeitwa muuaji hanawi mikono kwa hasira.

Mlango ukigoma kabisa, tafuta mwingine au jenga wako. Wachoraji waliokataliwa mara kwa mara na majaji wa maonyesho rasmi ya Paris walifungua maonyesho yao mwaka 1874, wasanii kama 30, kwenye studio ya zamani ya mpiga picha. Magazeti mengine yaliwacheka. Hao ndio Monet, Renoir na wenzao. Na usidharau mtu wa kukusemea. Vincent van Gogh alifariki mwaka 1890, akifuatiwa miezi michache baadaye na ndugu yake Theo, na mjane wa Theo, Johanna, ndiye aliyezitunza picha, akaziazima kwa maonyesho moja baada ya nyingine, akahariri barua za Vincent kwa Theo na kuzichapisha mwaka 1914. Yeye hakuchora.

Kuhusu kuacha: jiwekee idadi. Peleka kwa wenye fani kumi wasiofahamiana. Sababu moja ikirudi kwa sita, irekebishe. Kumi wakitoa sababu kumi, endelea.

Nimeona mtu wa mbali ametoa kitu sawa kabisa na changu. Sikumwambia mtu. Wazo langu limeibiwaje?
*Msomaji aliyekasirika*

Huenda halikuibiwa. Mwaka 1922 William Ogburn na Dorothy Thomas waliorodhesha uvumbuzi na ugunduzi 148 uliofanywa na watu zaidi ya mmoja kwa wakati unaokaribiana. Darwin na Wallace walifikia uteuzi asilia kila mmoja kivyake, kazi zao zikasomwa pamoja mwaka 1858. Nyaraka za Alexander Graham Bell na Elisha Gray kuhusu simu zilifika ofisi ya hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) ya Marekani siku moja, 14 Februari 1876. Fani ikiiva, matunda huanguka kwenye viwanja vingi, na wewe na huyo wa mbali mlikuwa mkichota kisima kimoja.

Cha kufanya sasa: tumia daftari lenye kurasa zilizoshonwa, andika tarehe kila ukurasa, usiache nafasi wazi za kujazia baadaye, na mtu unayemwamini atie sahihi penye hatua kubwa. Hakimiliki hulinda namna ulivyolieleza wazo, si wazo lenyewe. Kifaa kinahitaji hataza, na katika nchi nyingi kukitangaza hadharani kabla ya kuomba kunaweza kukunyima haki hiyo. Kisha linganisha kitu chako na chake sehemu kwa sehemu, kwenye safu mbili. Ni nadra safu hizo kufanana hadi chini, na hapo zinapoachana ndipo pa kuanzia toleo lako la pili.